Nyuzi Kumi na Nane

Tk.

Kisha kimya. Kisha tk nyingine, ndogo, kama kucha inayokatwa, na nyuma yake mvumo wa kitu kinachozunguka taratibu.

Inspekta Roswitha Kühnel alisimama kwenye ngazi za ghorofa ya nne akivuta pumzi. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa Februari, na taa ya ngazini ilikuwa ya kujizima yenyewe kila baada ya dakika moja. Alikuwa ameshaiwasha mara tatu. Kwenye kitasa cha mlango wa Mzee Gotthard Mehnert, jirani fulani aliyetoka zamu ya usiku kwenye tanuri la mikate alikuwa amening'iniza mfuko wa mikate midogo, bado ya moto. Kando yake kilining'inia kibao cha mbao chenye maandishi ya rangi: ZAMU YAKO YA KUSAFISHA NGAZI.

Tk, ikasikika tena kutoka ndani.

Hakuna aliyelelewa Radewitz asiyeijua sauti ile. Nusu ya mji ilikula kwa jasho la kiwanda cha kamera mpaka kilipofungwa, miaka minane sasa. Lilikuwa pazia la kamera, kile kitambaa cheusi kilichomo tumboni mwake, kinachofunguka na kujifunga ili mwanga uingie kwa muda uliopimwa. Hilo halikumsumbua Roswitha. Kilichomkera ni kwamba katika maelezo yake polisi, ukurasa wa pili, Mzee Mehnert alisema hajafanya ufundi wowote wa kamera tangu siku kiwanda kilipofungwa. "Hata bisibisi sijashika," alisema, na karani akaandika hivyo hivyo.

Akagonga. Mvumo ukakatika.

"Nani?"

"Polisi, mzee. Kühnel. Tulisema saa kumi na moja na nusu."

"Sasa ni na nusu na dakika mbili."

"Hizo dakika mbili nimesimama hapa nahema."

"Ungeanza kupanda mapema," sauti ikajibu, na minyororo ikaanza kufunguliwa, wa kwanza, wa pili, kwa utulivu wa mtu asiye na pa kwenda.

Alikuwa mzee mwembamba wa miaka sabini na tisa, amenyoa vizuri, amefunga tai chini ya sweta. Aliamka saa kumi kila siku, kama enzi za zamu ya kwanza, na kufikia saa mbili asubuhi alikuwa amerudi kulala. Ndiyo sababu Roswitha alikuwa pale wakati ambao hata kunguru hawajaamka. Mzee alimtazama miguuni kabla ya kumtazama usoni.

"Viatu," alisema.

"Sina muda, mzee wangu. Saa nne mwendesha mashtaka anasaini."

"Theluji haijali nani anasaini." Akamsogezea ndara za sufi, za kike, kuukuu lakini zimefuliwa, kisha akachukua viatu vyake vilivyolowa na kwenda kuviegemeza karibu na jiko la makaa, pua zikitazama moto, bila kuambiwa. Roswitha alikuwa amekuja akiwa na hasira iliyotosha mtu mzima, na kitendo kile kikampunguzia kidogo, jambo ambalo nalo lilimkera.

Jikoni, juu ya meza, palikuwa na gramafoni. Haikuwa na santuri. Juu ya bamba lake linalozunguka alikuwa ametandika kitambaa cheusi, na juu ya kitambaa, kutoka katikati mpaka ukingoni, amegundisha uzi mmoja mweupe ulionyooka kama mshale wa saa. Taa ya mezani ilikuwa imeinamishwa juu yake. Kando palikuwa na kamera kuukuu, nyingine kabisa, si ile iliyokuwa kwenye kabati la ushahidi.

"Unafanya nini, mzee?"

"Nasikiliza muziki."

"Bila santuri?"

"Kwa umri wangu, binti, nyimbo zote nazijua."

Roswitha alivuta kiti akakaa. Miaka thelathini na moja kazini ilimfundisha kwamba anayekuchezea maneno asubuhi na mapema ana jambo, na ukimkimbiza atalificha zaidi. Akaweka faili lake mezani, mbali na gramafoni.

"Haya, turudie," alisema.

"Tumesharudia mara tatu."

"Basi itakuwa ya nne. Jumanne iliyopita, saa tisa alasiri, ulisimama kwenye kona ya mteremko wa Kinu ukipiga picha."

"Za barafu iliyoning'inia kwenye gurudumu la kinu. Ndiyo."

"Tramu namba tatu ikashuka. Ukaipiga. Sekunde mbili baadaye ikamgonga mwalimu Brandner na baiskeli yake."

"Ndiyo." Mzee alikuwa amegeuka kumimina kahawa. "Anaendeleaje?"

"Nyonga imevunjika. Anakula, anatania wauguzi. Cha ajali hakumbuki hata kimoja."

Picha ile ndiyo kesi nzima. Tramu ilikuwa ya zamani, isiyo na kinasa mwendo, na mashahidi watano walitoa mwendo wa aina tano. Lakini kwenye picha tramu ilikuwa imeburuzika, imejipaka kwenye karatasi kama rangi mbichi iliyopitiwa na kidole, kwa sababu ilisonga wakati pazia liko wazi. Mtaalamu wa maabara, Dakta Reinsberg, aliupima mburuzo huo, akapata sentimita hamsini na tano. Kamera ilikuwa imetegwa kwenye sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Tramu inayokwenda sentimita hamsini na tano kwa muda huo inakwenda karibu kilomita sitini kwa saa, na pale mwisho ni thelathini. Akaipima na kamera yenyewe. Pazia lilikaa wazi muda ule ule, bila kupungua wala kuzidi.

Dereva, Bi Sieglinde Noack, miaka ishirini na miwili kazini bila hata kukwaruza kioo, alisema alikuwa kwenye thelathini. Alilisema hilo kwa sauti ndogo, mara nyingi, bila kuongeza kitu. Saa nne asubuhi hii Bwana Wiegand, mwendesha mashtaka, angesaini hati ya kumshtaki kwa uzembe uliojeruhi mtu. Leseni ingekwenda, kazi ingekwenda, na pengine yeye mwenyewe pia angekwenda, gerezani.

"Nina swali moja jipya," Roswitha alisema. "Ile kamera ina gurudumu dogo la kutega mwendo. Namba ni ndogo. Kulikuwa na baridi, una glavu, una miwani. Inawezekana ulitega moja ya kumi na tano ukadhani ni ya thelathini?"

Mzee Mehnert aliweka birika chini. Hakuliweka kwa nguvu, ila kwa uangalifu mkubwa, jambo ambalo kwake lilikuwa baya zaidi.

"Mimi?"

"Binadamu hukosea, mzee."

"Inspekta, nilikuwa mkaguzi wa mwisho. Baada yangu kulikuwa na boksi na duka, basi. Kila kamera iliyotoka kwenye zamu yangu ina muhuri wangu ndani, namba arobaini na moja, mahali ambapo mnunuzi haoni. Miaka thelathini na nne. Wewe unaniuliza kama najua kusoma thelathini?"

"Nauliza kwa sababu mwanamke mmoja atashtakiwa leo."

"Ilikuwa thelathini." Akamsogezea kikombe. "Kunywa. Umekuwa mwekundu."

Hivyo mlango huo ukafungwa, na ndio mlango aliopandia ngazi zote zile. Roswitha alikunywa kahawa kwa hasira. Ilikuwa nyepesi, ya Kisaksoni haswa, kama watu wa mkoa ule wanavyoinywa; unaweza kuona ua lililochorwa kwenye kitako cha kikombe. Mzee alitoa mikate kwenye mfuko, akampa wenye ukoko mzuri zaidi, akabaki na ulioungua. Kisha akaukung'uta mfuko mtupu, akaukunja mara mbili, akaukunja tena, akavuta droo na kuuweka.

Roswitha alitazama ndani ya droo ile. Mifuko ya mikate, mamia, imekunjwa yote kwa kipimo kimoja. Mipira ya kufungia mitungi, imepangwa kwa ukubwa. Boksi la viberiti lenye maandishi: NYUZI FUPI MNO.

Akaweka mkate chini.

Alifungua faili na kutoa bahasha ya negativu, zile filamu ambazo nyeusi huonekana nyeupe, ambazo mzee alizisafisha mwenyewe bafuni kwake usiku wa ajali, kisha akazileta kituoni kesho yake asubuhi pamoja na kamera. Vilikuwa vipande vinne, kila kimoja picha sita. Akaviinua mbele ya taa.

"Nne mara sita," alisema.

"Ishirini na nne," alisema mzee, aliyependa hesabu.

"Na filamu uliyonunua ni ya ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Kumi na mbili ziko wapi?"

"Hazikupigwa. Mlitaka picha haraka, nikaitoa filamu mapema."

"Mzee Mehnert. Mtu anayeweka nyuzi fupi mno kwenye boksi la viberiti hatupi theluthi ya filamu."

"Ilikuwa dharura."

"Njoo uone." Akasogeza kipande cha mwisho kwenye mwanga. Baada ya picha ya ishirini na nne palikuwa pamekatwa kwa mkasi, kwa unyofu mkubwa, lakini makali yaliteleza kidogo upande mmoja na kuacha ukingo wa picha iliyofuata, mwembamba kama unywele. "Filamu isiyopigwa hutoka nyeupe, safi kama kioo. Hilo hata mimi najua, mama yangu alifanya kazi chumba cha giza, akisafisha filamu, pale pale kiwandani kwenu. Huu ukingo una wingu. Kuna kitu kilipigwa hapa, kisha kikakatwa."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akautazama ukingo ule. Alipozungumza, alizungumza na meza.

"Mkasi ule una makali mabaya," alisema.

"Kumi na mbili, mzee."

Aliondoka. Roswitha alimsikia akifungua kabati la bafuni, akisogeza chupa. Alitazama saa ya ukutani: kumi na mbili kasoro kumi. Mzee alirudi na bahasha ya kahawia, akaiweka mbele yake, akabaki amesimama kama mtu aliyeitwa ofisini.

Vipande viwili, picha kumi na mbili, na kila moja ilionyesha kitu kile kile: duara la gramafoni, ule uzi mmoja, na pembeni kikaratasi chenye namba ambayo pazia lilitegwa. Lakini uzi haukuwa mstari. Ulikuwa umetanuka kama upepeo wa mkono unaofunguliwa, mahali kidogo, mahali sana.

"Nieleze," alisema Roswitha. "Kama unavyomweleza mjinga."

"Gramafoni ina mwendo usiobadilika. Uzi unazunguka. Ukiupiga picha, pazia likiwa wazi kidogo, uzi unatanuka kidogo. Likiwa wazi sana, unatanuka sana. Unapima pembe kwa kipimapembe cha shule, unajua pazia lilikaa wazi muda gani. Kiwandani tulikuwa na mashine. Nyumbani nina hii." Akaionyesha gramafoni kwa kidevu. "Jumanne, pale kwenye kinu, nilipobonyeza, nililisikia. Pazia lilichelewa. Sikio langu bado zima. Nilirudi nyumbani nikaipima kwa picha zilizobaki. Kiwandani sheria ilikuwa moja: pima kwanza, ndipo ufungue."

"Ndipo ufungue," Roswitha alirudia polepole.

"Nikaifungua."

"Usiku ule ule."

"Mafuta yalikuwa yameganda kama nta. Nikaosha magurudumu yote kwa benzini, nikatia mafuta mapya, nikapima tena kwa filamu nyingine. Saa tisa usiku ilikuwa imenyooka. Asubuhi nikawaletea."

Roswitha aliweka viganja vyote viwili juu ya meza. Alihesabu mpaka kumi, akafika, akahesabu tena.

"Mzee wangu. Ile kamera ilikuwa ushahidi."

"Najua."

"Ushahidi hauoshwi."

"Ilikuwa inatoka nyumbani kwangu kwenda kwa serikali," alisema mzee, na kwa mara ya kwanza sauti ilimpanda. "Wataifungua. Watakuta muhuri, arobaini na moja. Watasema, tazama, kamera ya mkaguzi mwenyewe, inachelewa. Kitu hakitolewi mlangoni kikiwa kichafu. Hata takataka naziosha."

Na hilo, Roswitha alijua, lilikuwa kweli. Alikuwa ameona makopo yaliyosuguliwa kando ya ndoo. Angeweza kulia. Wiki nzima maabara na ofisi ya mashtaka zilikuwa zimepima kwa heshima kubwa kazi ya ufundi ya mzee mmoja mwenye haya.

"Kipimapembe," alisema.

Alikuwa nacho, cha mbao, kimelainika kwa mikono. Roswitha aliweka negativu juu ya kioo chenye taa chini yake. Mzee alipoinama kumsaidia alimwonyesha kidole.

"Usiguse. Leo usiguse kitu chochote."

Mzee Mehnert alikaa, akaingiza mikono chini ya mapaja yake, akaikalia.

Picha mbili zilipigwa kwenye thelathini. Roswitha alipima ya kwanza, akapima ya pili. Kipimapembe kilisoma nyuzi kumi na nane, zote mbili.

"Ilitakiwa tisa," alisema mzee, bado ameikalia mikono yake.

"Mara mbili."

"Mara mbili."

Pazia lililokaa wazi mara mbili. Basi tramu ilitumia muda mara mbili kusonga zile sentimita hamsini na tano, na mwendo wake ulikuwa nusu. Si sitini. Thelathini. Roswitha alijizuia kushangilia, maana furaha ya mapema ilishamwaibisha kazini mara mbili tatu. Alitazama gramafoni. Ubavuni ilikuwa na swichi, yenye namba tatu.

"Hii inazunguka kwa mwendo wa aina tatu," alisema.

"Thelathini na tatu, arobaini na tano, sabini na nane."

"Ulipima kwa upi?"

"Arobaini na tano. Siku zote."

"Uliandika kwenye bahasha?"

Bahasha haikuwa na herufi hata moja. Mtu aliyeandika hata kwenye boksi la nyuzi hakuwa ameandika chochote pale.

"Niliona haya," alisema.

"Sikiliza. Ungekuwa umetega sabini na nane, bamba linakwenda mbio, nyuzi kumi na nane zingekuwa karibu sawa. Pazia lingekuwa zima, na Bi Noack angekuwa kwenye hamsini na kitu. Wiegand ataliona hilo kabla sijakaa. Atasema, tuamini neno la nani? La mzee aliyeapa hajashika bisibisi?"

"Ni arobaini na tano, Inspekta."

"Mimi nakuamini. Mimi si mahakama."

Nje tramu ya kwanza ilipita, vyombo vikalia kabatini. Roswitha aliinamia tena kioo. Kama mdomo wa mzee hautoshi, basi picha zenyewe ziseme. Alipitia zote kumi na mbili, moja moja, akiandika pembe upande wa nyuma wa hati yake ya gharama za safari. Alifika kwenye picha iliyopigwa kwa nusu sekunde. Uzi ulikuwa umefunika zaidi kidogo ya nusu duara: nyuzi mia moja na tisini.

Alifanya hesabu. Akaikata, akaifanya upya. Kwa mwendo wa arobaini na tano, pazia lilikaa wazi sehemu saba za kumi za sekunde. Limechelewa, kama lile la thelathini lilivyochelewa. Lakini kwa sabini na nane lingekuwa limekaa wazi sehemu nne tu za kumi. Yaani pazia lenye mafuta yaliyoganda lingekuwa limefunga mapema kuliko lilivyoamriwa.

"Simu iko wapi?"

"Ukumbini. Lakini ni alfajiri, watu wa—"

"Wamelala. Najua. Nawaonea wivu."

Dakta Reinsberg alipokea baada ya milio tisa.

"Inspekta, unajua ni saa ngapi?"

"Kumi na mbili na robo. Dakta, mafuta ya zamani ndani ya kamera hufanya nini?"

"Huganda. Pazia huchelewa. Umenipigia kwa hilo?"

"Yanaweza kuliharakisha? Nusu sekunde ikawa pungufu ya nusu?"

"Uji mzito ulishawahi kumwagika haraka kuliko mwepesi? Haiwezekani. Kwa nini?"

Alimweleza. Upande wa pili kitanda kikalia, mtu akiketi.

"Kwa hiyo nilipima kamera iliyooshwa."

"Ndiyo."

"Kumbe. Niliandika kwenye daftari langu kwamba ni nzima mno kwa umri wake. Niliandika, kisha sikuuliza." Akakohoa. "Hiyo ni juu yangu. Lete hivyo vipande, saa tatu nitakuwa ofisini kwako, nitaviunganisha na kile cha ishirini na nne. Mkato wa mkasi ukikutana, hakuna wakili atakayeutenganisha. Na Inspekta. Nani aliiosha?"

"Mwenyewe. Jikoni."

"Mwambie sijaona kazi kama ile tangu nianze. Mwambie hivyo hivyo."

Roswitha alirudi akamwambia hivyo hivyo. Mikono ya mzee ilitoka chini ya mapaja na kulala mezani.

"Sasa utaandika maelezo mapya," Roswitha alisema. Akaweka karatasi. "Kwamba ulidanganya ukurasa wa pili. Kwamba ulipima, ukaosha, lini na kwa nini. Vipande vinasema pazia lilichelewa, lakini ni wewe tu unayeweza kusema vilipigwa kabla ya kuosha."

"Itasomwa mahakamani?"

"Kwa sauti."

"Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi tunakutana, tuliobaki wa kiwandani. Tuko tisa. Watajua."

"Watajua."

"Siwezi kuandika tu kwamba filamu ilipotea, ikapatikana?"

"Mzee." Uvumilivu wake ulikuwa umefika mwisho wa uzi, akajua, na akajilazimisha kutopaza sauti. Alichukua kipande cha mwisho kati ya vile vinne na kukiweka kwenye kioo. "Hii ya ishirini na nne. Uliipiga baada ya ajali. Uliiangalia?"

"Niliangalia kama ina ukali."

"Ina ukali. Sasa mwangalie mtu."

Mzee alichukua lenzi yake ya mkono, akainama. Kwenye negativu theluji ilikuwa nyeusi, na mwanamke aliyepiga magoti kati ya reli alikuwa mweupe. Hakuwa na koti. Koti lake la sare lilikuwa limetandazwa juu ya mtu aliyelala, na mkono wake mmoja ulikuwa chini ya kichwa cha yule mtu, kati ya kichwa na chuma.

"Bi Noack alikaa hivyo dakika kumi na tisa mpaka gari la wagonjwa lilipofika," alisema Roswitha. "Joto lilikuwa chini ya sifuri. Aliyeniambia si yeye. Ni wauguzi."

Mzee Mehnert hakuinua kichwa upesi. Jiko lilipasua kaa moja. Kisha alivuta karatasi, akachonga penseli, akakumbuka kwamba kalamu inatakiwa, akaenda kuitafuta, akarudi, akauliza tarehe, akauliza kama aandike "pazia" au "kifunga mwanga" kama vitabu vya serikali vinavyosema. Roswitha alijibu kila swali. Maelezo yalichukua dakika hamsini na tano na kurasa nne, na hayakuwa na neno hata moja lililofutwa.

Saa moja na nusu alimpigia Wiegand nyumbani.

"Nasaini saa nne, Kühnel. Nilishakwambia."

"Hutasaini. Kamera ilitengenezwa usiku wa ajali, kabla ya maabara. Nina negativu za kabla, nina mtaalamu, nina maelezo yaliyotiwa saini. Tramu ilikuwa kwenye thelathini."

"Nani aliitengeneza?"

"Shahidi."

"Ameharibu ushahidi. Nitamshtaki yeye."

"Kwa kosa gani? Usafi?"

Alimsikia Wiegand akipuliza pua, pengine akicheka, pengine mafua. "Leta kila kitu. Hati ya Noack naiweka kando. Huyo mzee ataitwa, Kühnel, na jaji hatakuwa mpole."

"Ataitwa, atakuja. Na bila shaka atafika mapema."

Mzee alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, amesikia. Alimletea viatu vyake. Vilikuwa vimekauka, na amevijaza karatasi za gazeti ili visipoteze umbo; alizitoa moja moja, akazikunjua, akaziweka kwenye droo.

"Yule mama," alisema. "Atarudi kazini?"

"Si leo. Lakini atarudi."

"Na kamera yangu?"

"Inabaki kwetu mpaka kesi ya mwalimu Brandner iishe. Bima, mahakama, rufaa. Mwaka mmoja. Labda zaidi."

"Mwaka." Alilipima neno lile kama alivyopima kila kitu. Alimshikia koti, akangoja apate mkono wa pili, kisha akafungua minyororo, wa kwanza, wa pili. Roswitha alikuwa ameshashuka ngazi tatu mzee alipotoa kichwa nje, tai bado imenyooka.

"Basi usiingoje kamera, binti yangu," alisema. "Njoo tunywe kahawa kabla yake."